Bei ya Uzi na Meno 28 ya Karanga

Limuru haina adabu mwezi wa Julai. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu unashuka jioni na kulala kwenye majani ya chai hadi asubuhi, na baridi inatafuta mahali pamoja tu: pale kati ya kola ya koti na masikio. Ndiyo maana mwaka jana niliamua kufuma skafu za mviringo, zile zisizo na ncha, ambazo mtu anazivaa kwa kupitisha kichwani. Mwezi huohuo nikaletewa kilebu wa wiki nane, chotara mwenye rangi ya njugu, nikamwita Karanga. Kila jambo peke yake ni raha. Ukiyaweka yote mawili kwenye sebule moja, unapata hesabu ambayo muuza uzi hakufanyii.

Nianze na neno ambalo sisi wafumaji hatupendi kulitamka. Kama haja yako ni shingo yenye joto basi, usifume. Skafu ya mitumba nimeinunua kwa shilingi 100, na mpya ya dukani nikatajiwa 400. Uzi wa skafu moja waweza kuzidi bei hiyo hata kabla hujagusa sindano. (Bei zote humu ni nilizolipa au kutajiwa mimi, sokoni kwako zitakuwa nyingine, lakini uwiano wake hautabadilika sana.) Anayefuma ili kubana matumizi anajidanganya kwa namna ya kupendeza.

Ila mwenye kilebu tayari amefungwa nyumbani. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hulala saa 18 au zaidi kwa siku, lakini hulala kwa vipandevipande, na ukitoka tu anaamka na kulia. Saa hizo za kukaa karibu naye zipo, utake usitake. Ndizo nilizoamua kuzifuma.

Skafu ninayoipenda ina mzunguko wa sentimita 60 na urefu wa 25. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 5, napata vitanzi 18 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo naanza na vitanzi 108, nazunguka mara 60. Ni vitanzi 6,480. Mkono wangu unakwenda vitanzi 20 kwa dakika nikiwa nimetulia, sawa na saa tano na nusu hivi. Uzi mnene wa sindano za milimita 8 unabadilisha mambo: vitanzi 72, mizunguko 40, jumla 2,880. Hata nikienda polepole, vitanzi 16 kwa dakika, nimemaliza kwa saa tatu. Mwenye mbwa mzima aliyelala miguuni anaweza kuchagua apendacho. Mwenye kilebu nashauri aanze na uzi mnene, kwa sababu kazi ikikaa siku chache sebuleni, siku za kuharibiwa nazo ni chache.

Sasa uzi wenyewe. Kuna akriliki, ambayo hutengenezwa kwa mazao ya petroli na ndiyo imejaa madukani. Bonge la gramu 100 lilinigharimu 250, na linatosha skafu moja. Inafuliwa bila woga, inakauka hata siku ya ukungu, lakini huota vijidonge vya manyoya pale kidevu kinaposugua, na haipendi moto hata kidogo. Usiinamie jiko la makaa ukiwa umeivaa. Pamba nilinunua kwa 400 nikajuta. Ni nzito, ikivutika hairudi, na ikiloa inakuwa baridi shingoni. Mombasa ingefaa, lakini nani Mombasa anataka skafu?

Sufu ya merino kutoka nje huja kwa mabonge ya gramu 50. Nilitajiwa 1,100 kwa moja, na skafu inataka mawili: 2,200. Ni laini kweli, na sufu ina sifa ambayo akriliki haina, kwamba hunywa unyevu mwingi bila wewe kuhisi umeloa, na bado ikakupa joto. Lakini sufu nyingi, zisipotayarishwa maalumu kiwandani, ukizifua kwa maji ya moto huku unazisugua hugandamana zikawa kama blanketi gumu la ukubwa wa mkono. Na kilebu hachagui. Meno yake hayajui tofauti ya 250 na 2,200. Mohea, ule uzi wa manyoya marefu ya mbuzi, uache kabisa: nywele za mbwa zikishaingia humo hazitoki, na kuufumua ukikosea ni adhabu.

Uzi wa sufu uliosokotwa hapa nchini kwa mkono pia upo, hasa upande wa Nanyuki, ambako akina mama wamekuwa wakisokota na kufuma kwa miaka mingi. Unakwaruza kidogo ukilinganisha na merino. Mimi naupenda kwa zulia na kwa kofia. Shingo yangu ni ya kulalamika.

Njia iliyonishinda akili kwa wema wake ni nyingine kabisa: kununua sweta ya mitumba ya sufu na kuifumua. Sweta moja ya gramu 420 nilipata kwa 250, bei ya bonge moja la akriliki. Baada ya kutupa viwiko vilivyolika na vipande vifupi nilibaki na gramu 340 hivi, yaani skafu tatu. Fanya hesabu: kama shilingi 83 kwa skafu, tena ya sufu halisi. Naijua bei hiyo kama namba ya simu ya mama yangu.

Lakini si sweta yoyote tu. Igeuze ndani nje, utazame mshono wa ubavuni. Ukiona ule mshono wa ovaloki, nyuzi nyingi zimezungushwa kwenye ukingo uliokatwa kwa mkasi, irudishe. Kitambaa kilikatwa, na kila mstari utakatikia hapo. Utapata mamia ya vipande vya nusu mita. Unachotaka ni ukingo mzima uliounganishwa kwa mshono mmoja mwepesi, unaofanana na mnyororo. Huo ukiupata kichwa chake, unavutika wote kwa mkupuo kama zipu, na kila upande wa sweta unafumuka kuwa uzi mmoja mrefu. Tazama pia kama sweta imewahi kufuliwa vibaya: vuta vitanzi viwili kwa kucha, visipoachana imeshagandamana. Na soma lebo, kwa sababu akriliki ya mitumba haina maana kuihangaikia.

Muuzaji mmoja pale sokoni alinitazama nikigeuza sweta ya nane.

“Mama, unanunua sweta au unafanya upelelezi?”

Ukishafumua, uzungushie uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane, uloweshe kwa maji vuguvugu, kisha uutundike ukiwa na chupa ya maji ya kuuvuta chini ili mikunjo inyooke. Sweta nyingi zilifumwa kwa mashine na uzi wake ni mwembamba, basi unaunganisha nyuzi mbili au tatu pamoja. Kazi yote ilinila jioni nzima. Ubaya mmoja: jioni hiyo sebule imejaa uzi uliolegea, na hakuna kitu kizuri zaidi machoni pa kilebu. Kufumua nafanya mlango umefungwa, yeye yuko nje na watoto.

Kwenye sindano ndipo nilipopoteza pesa za kijinga. Zile ndefu mbili za kawaida ni rahisi, nilizinunua kwa 150, lakini ncha zake hutokeza kila upande wa mapaja yako, na Karanga alizichukua kama mwaliko. Isitoshe zinakulazimisha kufuma bapa kisha kushona mwisho. Za mduara, ncha mbili fupi zilizounganishwa na waya laini, nilinunua kwa 600. Hizo ndizo za skafu ya aina hii. Kazi inakaa mapajani na haina mshono. Lakini usiunganishe mduara mbwa akiwa macho. Vitanzi 108 vikijipinda mara moja kwenye waya wakati unamfukuza asile kiatu, utagundua baada ya mizunguko kumi kwamba skafu yako imejipinda kama kamba ya ng’ombe, na dawa ni kufumua yote.

Mianzi au chuma? Mianzi inashika vitanzi. Kilebu akivuta kazi, vitanzi vinabaki. Chuma kinateleza, mvuto mmoja na vitanzi 30 viko sakafuni. Ungedhani basi mianzi imeshinda. Imeshinda mpaka atakapoitafuna, na mianzi iliyotafunwa huacha vijiti vyenye ncha mdomoni mwake na ukingo wenye mikwaruzo unaonasa uzi wako. Nilipoteza jozi moja hivyo. Sasa natumia chuma, na ncha zote mbili nazifunga kwa raba nikisimama. Waya nao hutafunwa. Kama utaweza kulipia seti ambayo ncha zinafunguka kutoka kwenye waya, hata ikiwa bei yake ni mara nne, utabadilisha waya peke yake badala ya kununua sindano nzima. Kwa miezi minne ya kwanza nilibadilisha waya mara mbili.

Kuhusu meno hayo. Kilebu ana meno ya utoto 28. Yanaanza kung’oka akikaribia miezi minne, na kufikia miezi saba hivi huwa na meno 42 ya utu uzima. Katikati ya hapo fizi zinamwasha na kila kitu ni dawa. Kwa hiyo gharama ya kufuma na mbwa mchanga ina tarehe ya mwisho, na hilo linapaswa kubadili unachonunua: merino inaweza kusubiri hadi mwezi wa nane wa maisha yake.

Gharama kubwa kuliko zote haikuwa kwenye daftari langu. Jioni moja niliporudi kutoka jikoni nilikuta mkia wa uzi umekatwa, na Karanga anajilamba. Sikujua amemeza kiasi gani. Uzi tumboni una hatari yake. Ncha moja hunasa, chini ya ulimi au tumboni, na ncha nyingine husukumwa mbele. Utumbo hujikunja juu ya uzi kama suruali kwenye kamba yake, na uzi ulionyooka unaweza kuukata. Mbwa hutapika, hukataa chakula, hukunja mgongo. Ukiuona uzi unaning’inia mdomoni au nyuma yake, usiuvute. Usimnyweshe chumvi ili atapike; chumvi nyingi ni sumu kwake. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, hata kama ni Jumapili.

Nililipa 2,500 za kumwona daktari na 3,500 za picha ya eksirei, nikaelezwa kwamba uzi wenyewe huenda usionekane kwenye picha, kinachotafutwa ni jinsi utumbo ulivyojikunja. Upasuaji, kama ungehitajika, nilitajiwa 35,000. Haukuhitajika. Alikitoa kipande baada ya siku mbili, nami nikakipima kwa rula kama mwendawazimu: sentimita 22. Jumla shilingi 6,000, ambayo ni akriliki ya skafu 24.

Kinga yake iligharimu sifuri. Ndoo ya mafuta ya kupikia yenye kifuniko, nikatoboa tundu kwenye kifuniko kwa msumari wa moto, nikalainisha ukingo kwa msasa. Bonge linakaa ndani, uzi unatoka juu. Madukani nimeona mabakuli ya kauri yenye mkato wa kupitishia uzi, mazuri kuyatazama. Kwa mwenye kilebu hayafai hata bure, kwa sababu yako wazi juu na yanavunjika. Vikiisha vitanzi vya jioni, ndoo, sindano, mkasi na kila mkia wa uzi huingia kabatini. Nahesabu mikia.

Na wa kutafuna anahitaji chake. Duka la vifaa vya wanyama liliniuzia kamba ya kuchezea kwa 800. Nikaona nyuzi zake zikichomoka, nikaelewa kwamba namfundisha kwa pesa zangu mwenyewe kuwa uzi ni mchezo. Nikaitupa. Karoti nzima ya Kinangop iliyokaa kwenye friji inagharimu shilingi chache, inapoza fizi, na inampa shughuli kwa robo saa, ambayo ni vitanzi 300. Mifupa iliyopikwa hapana, hupasuka ikawa na ncha. Ndara kuukuu hapana pia. Hatajua ile mpya ni ipi.

Rangi nayo nichague kwa ajili yako: ile ya mbwa wako. Skafu yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi, ikawa daftari la kila mahali alipolala Karanga. Ya sasa ni ya kahawia kama njugu, na nywele zake ziko humo kwa wingi uleule, hakuna anayeziona.

Kuuza? Nimeuza nne za akriliki, kila moja kwa 800. Ondoa uzi 250, gawanya kwa saa tano na nusu, inabaki shilingi 100 kwa saa. Hiyo ni kabla ya karoti.

Karanga amefikisha miezi minane, meno yote 42 yametoka, na juzi nilipita sokoni na hesabu ya merino kichwani. Sikuinunua. Yule muuzaji wa mitumba aliponiona alinitolea sweta ya kijivu, ameshaigeuza ndani nje mwenyewe, kidole chake kiko kwenye mshono wa ubavuni. “Hii haina ovaloki, mama,” akasema. Sweta hiyo ni 300 sasa.