Mmoja, Wawili, Wanne: Hesabu ya Kipindupindu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawaletea hesabu ya kipindupindu, ule ugonjwa ambao ndugu zetu wa Congo wanauita kolera. Watoto wenu wanaiweza, muulizeni yeyote jioni.

Tuseme mgonjwa mmoja anaambukiza watu wawili. Wawili wanaambukiza wanne, wanne wanaambukiza wanane. Ukifika zamu ya kumi, wagonjwa wapya ni 1,024! Sasa tubadilishe kitu kimoja tu: katika kila wagonjwa wawili, mmoja tu ndiye anaambukiza mtu mwingine, tena mmoja. Hata tukianza na wagonjwa 64, zamu zinazofuata ni 32, 16, 8, 4, 2, 1, halafu basi. Kwa hiyo kila nyumba inayojikinga inapunguza hesabu ya kambi nzima.

Wataalamu nao wanahesabu hivyo. Mwaka 1927, Kermack na McKendrick wa Uskoti waligawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuugua, wagonjwa, na waliokwisha toka kwenye ugonjwa. Mwaka 2001, Cláudia Codeço wa Brazili aliandika hesabu ya kipindupindu ambamo maji nayo yana fungu lake. Maana mgonjwa si lazima akuguse. Kinyesi chake kinaingia majini, maji yanakufikia wewe, na yeye humjui hata kwa sura. Tena wengi wenye vijidudu hawaumwi kabisa, wanatembea tu.

Sisi wakimbizi tunajua hesabu hii ikiachwa inafika wapi. Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda waliingia Goma. Maji safi hayakutosha, vyoo hakuna. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Na hapa Uganda, Februari 2018, kipindupindu kilizuka Kyangwali kwa ndugu waliovuka Ziwa Albert.

Lakini kambi moja ya Malawi ilitupa somo jema. Mwaka 1993, familia za wakimbizi wa Msumbiji zilipewa ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia, mkono usiingie ndani. Kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Kumbe maji yanaweza kutoka kisimani yakiwa safi, na sisi tukayachafua nyumbani kwa kikombe na vidole!

Kwetu Buwenge, na huko Jinja hadi Mbale, mvua kubwa ndiyo ya kuogopa. Mbale ilifurika Julai 2022, watu zaidi ya 20 wakafa na wengi wakakosa maji safi. Mafuriko yakipita chooni, yanafika na kisimani.

Basi tufanye haya:
- Tuchemshe maji ya kunywa, au tuweke dawa ya klorini.
- Jerikeni isafishwe na ifunikwe. Maji tumimine, tusichote.
- Sabuni baada ya choo na kabla ya kula au kumlisha mtoto.
- Kinyesi cha mtoto mdogo nacho kiende chooni.
- Anayehara aanze ORS mara moja. Kama hakuna: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kuhara kama maji ya mchele, mkimbizeni kliniki, hata usiku. Kipindupindu kinaweza kuua kwa saa chache.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hesabu hii tuikate ikiwa bado kwenye mmoja.