Hati haipandi, lori limesimama: pima IPv4 na IPv6 kila moja peke yake

WAKALA wa forodha yuko ofisini kwake Namanga, saa nne asubuhi. Ameingia kwenye mfumo bila shida, neno la siri limekubaliwa, ukurasa umefunguka. Lakini akipakia ankara ya mzigo, kiduara kinazunguka tu. Anajaribu tena, hali ni ile ile. Dereva amekwisha kuja dirishani mara ya tatu kuuliza. Kampuni ya intaneti ikipigiwa simu inasema upande wake mtandao ni mzima, na huenda haisemi uongo.

Kukwama kwa namna hii kuna sababu nyingi. Iko moja ambayo hujitokeza hasa pale ofisi inapohama kutoka itifaki ya zamani ya intaneti, IPv4, kwenda ile mpya, IPv6. Ukiijua dalili yake na ukiwa na vipimo vyako mkononi, utaacha kubishana kwenye simu huku lori likikuhesabia siku.

Kwanza, kwa nini kuhama? IPv4 ina anwani zipatazo bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Akiba kuu ya dunia ilikwisha Februari 2011. Kwa Afrika, AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani, liliingia awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020, na tangu hapo ombi moja halipewi zaidi ya anwani 1,024. Ndiyo maana kampuni nyingi za simu huwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja, na pembeni huanza kuleta IPv6. Itifaki hizi mbili hazizungumzi moja kwa moja, hivyo kwa kipindi cha mpito kompyuta yako huwa nazo zote.

Msafirishaji ataelewa hapa haraka. Mzigo wa Kigali unaweza kupita ukanda wa kaskazini kutoka Mombasa, au ukanda wa kati kutoka Dar es Salaam. Ukiandika daftarini siku ulipofika tu, bila kuandika umepita ukanda gani, huwezi kujua ni barabara ipi ina tatizo. Ofisi nyingi hupima mtandao hivyo hivyo: namba moja ya kasi, bila kujua imepatikana kwa njia ipi.

Programu ya kuvinjari nayo huficha mambo. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2012 na kurekebishwa 2017, programu hugonga kwanza kwa IPv6. Isipojibiwa kwa muda mfupi, kama robo ya sekunde, hugonga na kwa IPv4, na atakayefungua mlango kwanza ndiye anayetumika. Ni jambo zuri kwa mtumiaji, ila njia mbovu inaweza kukaa miezi bila kujulikana. Na ubaya mwingine ni kwamba shindano hilo huamuliwa kwa ule mgongo wa kwanza tu, yaani pakiti ndogo. IPv6 ikishinda, halafu pakiti kubwa zikakwama baadaye, programu hairudi nyuma kuchagua upya. Kuingia unaingia, hati haipandi.

Kwa nini kubwa zikwame? Pakiti ya kawaida ina baiti 1,500. Pale IPv6 inapobebwa ndani ya pakiti za IPv4, jambo la kawaida wakati wa mpito, nafasi hupungua hadi 1,480. Katika IPv4 ruta ya njiani inaweza kuikata pakiti vipande, iwapo mtumaji hajakataza. Katika IPv6 haikati kabisa. Huirudisha habari kwa mtumaji kwamba pakiti ni kubwa mno, apunguze. Habari hiyo husafiri kwa ujumbe wa ICMP, na mafundi wengi wamezoea kuzuia ICMP yote kwenye faiawoli kwa kisingizio cha usalama. Mtumaji hapati habari, anaendelea kutuma kubwa, zinapotea. Ni kama lori lililozidi urefu kukataliwa kwenye daraja, na simu ya kumwambia mwenye mzigo haipiti.

Kupima si kazi ya mhandisi peke yake. Kwenye kompyuta ya Windows, chagua seva inayojibu kwa itifaki zote mbili, kisha andika ping -4 na jina lake, halafu ping -6 na jina lile lile. Andika muda wa majibu na pakiti ngapi zimepotea. Kisha rudia ping -6 ukiongeza -l 1452, ambayo inatuma pakiti iliyojaa. Ndogo zikirudi na kubwa zikipotea kila mara, kuna uwezekano mkubwa umeukuta ugonjwa tulioueleza. Jaribu seva ya pili ili uhakikishe, kwa sababu baadhi ya seva hazijibu pakiti kubwa. Mifumo mingine ya serikali haijibu ping kabisa, hivyo kwa hiyo tumia saa: hati ya ukubwa ule ule inachukua sekunde ngapi kupanda.

Amri ya tracert, nayo ikiwa na -4 au -6, huonyesha njia. Itazame vizuri. IPv6 inayopitishwa kwenye handaki ambalo mwisho wake uko Ulaya itatoka Namanga, ivuke bahari na kurudi Nairobi, ikiongeza zaidi ya milisekunde 100 wakati IPv4 imepita karibu.

Anza kupima wiki mbili kabla ya kuhama, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Pima hapo hapo mpakani, si makao makuu, na pima saa za msongamano. Wastani wa saa 24 ni wa kudanganya, maana usiku wa manane mtandao ni mtulivu na hufunika balaa la asubuhi. Namba mbaya kuliko zote ya siku ndiyo wakala aliyoishi nayo.

Pima zote mbili kwa wakati mmoja pia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo IPv4 na IPv6 huumia pamoja, na fundi atakayeilaumu IPv6 amekosea. Ikiumia moja tu, hapo ndipo pa kuchimba.

Fundi mwingine atakuzimia IPv6 na kazi itaendelea. Kwa siku ya dharura sawa, lakini hiyo ni panadol. Mwambie aruhusu ule ujumbe wa ICMP wa pakiti kubwa, au apunguze ukubwa wa pakiti kwenye ruta hadi 1,280, kiwango ambacho kila njia ya IPv6 inalazimika kukibeba.

Wenye malori waangalie na vifaa vya kufuatilia magari. Vingi vya zamani vinajua IPv4 tu, na nyuma ya anwani ya pamoja muunganisho uliokaa kimya hukatwa bila taarifa. Kabla ya kununua vipya, muulize muuzaji kama vinakubali IPv6, kisha weka laini ya simu utakayotumia na ukijaribu kifaa kimoja safari nzima, pamoja na ng'ambo ya mpaka, ambako laini hupokelewa na mtandao mwingine.