Mayai laini ya kukoroga: namna mayai manne yanavyotosha jamaa nzima



Katika nyumba nyingi za kwetu, mayai yanajulikana kwa namna mbili. Kuna yai la kuchemsha, lile linalouzwa njiani pamoja na chumvi na pilipili. Na kuna omleti ya baba. Mayai mawili ao matatu yanakaangwa kwa moto mkali mpaka yanakauka, yanawekwa kwenye sahani ya bwana wa nyumba, na watoto wanaangalia. Sisi tunaofundisha tunawaona watoto hao darasani kabla ya mapumziko ya saa nne: macho yako kwenye ubao, lakini mawazo yako kwenye tumbo.

Juma hili tunazungumza juu ya namna ya tatu, ile Wafaransa wanaita œufs brouillés: mayai ya kukoroga polepole mpaka yawe mazito na laini sawa na uji. Siyo chakula cha hoteli tu. Kinafaa jamaa kubwa, kwa sababu kinagawiwa kwa kijiko na kila sahani inapata. Omleti inakatwa vipande, na mara nyingi kipande kikubwa kinajulikana ni cha nani.

Kwanza tujue sababu ya mayai kukauka. Sehemu kubwa ya yai ni maji, na ndani ya maji hayo kuna protini. Ute mweupe unaanza kushikana kwenye joto la digri 60 hivi, na kiini kinafuata kwenye digri 65 mpaka 70. Joto likizidi hapo, protini zinajikaza na kukamua maji, sawa na mtu anayekamua nguo. Ndiyo maana mayai ya moto mkali yanabaki magumu, na maji yanatoka pembeni ya sahani. Kikaango juu ya makala yenye moto mkali kinapita mbali digri hizo. Kwa hiyo kazi yote ni kutawala moto.

Mbabula haina kifungo cha kupunguza moto, lakini tunayo dawa: sufuria juu ya sufuria. Wakati viazi vitamu ao ndizi zinachemka, weka juu yake sufuria ndogo ya mayai, ikae vizuri na isiguse maji. Mvuke unaipasha moto polepole. Kwetu kwenye milima, Goma na Bukavu, maji yanachemka kwenye digri 95 hivi, kwa hiyo sufuria ya juu haiwezi kupita hapo. Na feza ya makala haiongezeki, kwa sababu moto ni uleule wa viazi.

Vitu vinavyotakiwa kwa watu sita: mayai 4, vijiko 4 vikubwa vya maziwa (ya ng'ombe yaliyochemshwa, ao ya unga yaliyokorogwa na maji safi), kijiko 1 cha siagi ao mafuta, na chumvi kidogo. Mwenye mawese anaweza kutumia nusu kijiko: rangi yake nyekundu ni ishara ya kitu ambacho mwili unageuza kuwa vitamini A.

Sasa kazi yenyewe. Pasua kila yai kwanza ndani ya kikombe, lisije likawa bovu likaharibu mengine. Yamimine pamoja na maziwa na chumvi, kisha piga kwa uma mpaka usione tena ute mweupe peke yake. Tia siagi ndani ya sufuria ndogo iliyo juu ya mvuke, ikiyeyuka mimina mayai. Koroga kwa mwiko wa mti bila kuacha, ukipitisha chini na pembeni, kwa sababu ndipo yanaposhika kwanza. Dakika za mwanzo utafikiri hakuna kinachofanyika. Usichochee moto. Baadaye vinatokea vibonge vidogo, kisha yote yanakuwa mazito. Yakiwa mazito lakini bado yanang'aa, yaondoe mara moja, kwa sababu joto la sufuria linaendelea kupika.

Mwenye kutumia kikaango kwenye makala anaweza pia, lakini angojee makala yafunikwe na majivu, na awe anainua kikaango kila mara mayai yanapoanza kushika haraka.

Ukitaka kuongeza, tomati na vitunguu vipikwe pembeni mpaka maji yake yakauke, ndipo vichanganywe mwishoni. Lengalenga iliyochemshwa na kukamuliwa inafaa vilevile. Ukitia tomati mbichi pamoja na mayai, maji yake yataharibu ule ulaini tunaoutafuta.

Neno moja juu ya usalama. Ulaini siyo ubichi. Kwa watoto wadogo, wamama wenye mimba, wazee na wagonjwa, pika mpaka pasibaki maji-maji ya yai yanayotembea. Yai la zamani linapimwa kwa maji: likilala chini ni jipya, likisimama litumiwe haraka, likielea liachwe. Mayai yenye uchafu yapanguswe kwa kitambaa kikavu, na kama ni kuyaosha, yaoshwe wakati wa kuyatumia tu. Na mikono isafishwe kwa sabuni baada ya kushika maganda.

Tunafika sasa kwenye jambo zito. Tumesikia wakubwa wakisema kwamba mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi, na katika jamaa zingine mwanamke mwenye mimba hakuruhusiwa kuyagusa. Tunaheshimu wazee wetu, na pengine neno hilo lilikuwa la kulinda mayai yapate kuanguliwa. Lakini yai moja linatoa gramu 6 hivi za protini, na anayejenga mwili ndiye anayezihitaji zaidi. OMS, katika mashauri yake ya mwaka 2023, inasema mtoto wa miezi 6 mpaka 23 ale kila siku nyama, samaki ao mayai. Kwa jamaa nyingi za kwetu, yai ndilo linalopatikana kwa urahisi kuliko nyama.

Hatusemi baba anyimwe. Tunasema sahani ziwe sita. Siku ya posho, mayai yakiwa tayari, anza kugawa kwa mdogo na umalizie kwa mkubwa, kijiko kwa kijiko, juu ya viazi vya moto. Mtoto wa kike apate sawa na kaka yake. Na mama aliyekoroga asikombe sufuria: na yeye akae, ale kwenye sahani yake.