Chini ya Mstari au Chini ya Idadi? Maswali ya Kutolingana katika Jiometri ya Majiranukta

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kukutana na alama za aljebra katika kurasa alizozoea kusomea uhakiki wa riwaya na uchanganuzi wa mofolojia. Sababu ni moja. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetamani kusomea uzamifu nchini Marekani huweza kutakiwa kufanya mtihani wa GRE. Idara nyingi zimeacha kuudai, lakini zipo ambazo bado huudai, hata kama mwombaji anakusudia kuandika tasnifu kuhusu utenzi. Mtihani huo una sehemu ya hisabati. Tangu Septemba 2023, sehemu hiyo ina maswali 27 ya kufanywa kwa dakika 47, na alama zake ni kuanzia 130 hadi 170. Mwandishi wa makala haya alipojipima mara ya kwanza, miaka mingi baada ya kuagana na hisabati kwa furaha, alikosa karibu kila swali lililochanganya grafu na alama za < na >. Alipoyachunguza makosa yake aligundua kwamba mengi hayakuwa ya hesabu. Yalikuwa ya usomaji.

Tuanze na mfano. Eneo fulani linaelezwa kwa sentensi 3x − 2y < 12. Je, eneo hilo liko upande gani wa mstari 3x − 2y = 12? Hapa Kiswahili chenyewe kinatutega. Tunasema kiasi fulani kiko "chini ya 12", na tunasema pia nukta iko "chini ya mstari". Usemi ni mmoja ilhali dhana ni mbili: ya kwanza ni ya ukubwa wa idadi, ya pili ni ya mahali. Mtahiniwa anaposoma "chini ya 12", jicho humteremkia upande wa chini wa mstari, naye hupotea. Ili tujue mahali, sharti y ibaki peke yake. Tukihamisha 3x, tunapata −2y < 12 − 3x. Tukigawanya pande zote kwa −2, alama hugeuka: y > (3/2)x − 6. Kumbe eneo liko juu ya mstari.

Kwa nini alama igeuke? Tazama 2 na 5. Mbili ni ndogo kuliko tano, lakini −2 ni kubwa kuliko −5, maadamu kuzidisha au kugawanya kwa idadi hasi hugeuza mpangilio wa idadi. Anayesahau hatua hii hupata jibu lililo kinyume kabisa, na aghalabu watahini huwa wamekwisha kuliweka jibu hilo miongoni mwa machaguo.

Ipo njia ya kujikagua isiyomaliza nusu dakika. Chukua nukta (0, 0), pale mihimili miwili inapokutana, uiweke katika sentensi ya awali: 0 ni ndogo kuliko 12, kwa hivyo nukta hiyo imo katika eneo linalotakiwa. Mstari wetu unakata mhimili wa y kwenye −6, hivyo (0, 0) iko juu yake. Majibu yanaafikiana. Iwapo mstari wenyewe unapita kwenye (0, 0), tumia nukta nyingine, kama (1, 0).

Swali gumu zaidi ni lile la kulinganisha viasi viwili, ambapo mojawapo ya machaguo husema kwamba uhusiano hauwezi kubainishwa. Tuseme nukta (a, b) iko juu ya mstari y = 2x. Kipi kikubwa, a au b? Wengi wetu tutachora mstari, tuweke nukta kama (1, 3), tuone kwamba b ni kubwa, kisha tusonge mbele. La hasha! Tumeangalia robo ya kwanza tu ya grafu. Chukua (−5, −9). Maradufu ya −5 ni −10, na −9 ni kubwa kuliko −10, kwa hivyo nukta hii nayo iko juu ya mstari. Lakini hapa a ndiyo kubwa. Uhusiano hauwezi kubainishwa. Katika maswali ya aina hii, mtahiniwa asiondoke kabla ya kujaribu idadi hasi, sifuri na sehemu. Mwandishi ameona hapa ndipo wanafasihi wanapoteleza zaidi: tumefunzwa kutetea fasiri yetu, si kutafuta mfano wa kuivunja.

Ukanushaji nao una mtego wake. Kinyume cha "x ni kubwa kuliko 3" si "x ni ndogo kuliko 3", bali ni "x haizidi 3", na 3 yenyewe imo. Vivyo hivyo, "isiyopungua" na "angalau" hujumuisha mpaka, ilhali "zaidi ya" haiujumuishi. Katika grafu, mpaka uliojumuishwa huchorwa kwa mstari mzima, usiojumuishwa kwa mstari wa vitone.

Kuhusu michoro, kanuni za GRE zafaa kukumbukwa. Maumbo ya kawaida ya jiometri, kama pembetatu, si lazima yawe yamechorwa kwa vipimo halisi, kwa hivyo jicho lisiaminiwe. Grafu za mihimili ya x na y, kwa upande mwingine, huchorwa kwa vipimo, na mtahiniwa anaweza kukadiria kwa kutazama. Aidha, katika shule zetu za sekondari tulizoea kupaka kivuli upande usiotakiwa. Katika vitabu vya Marekani, kivuli hupakwa upande unaotakiwa. Mwandishi alikosa maswali mawili ya mazoezi kabla ya kuling'amua hilo.