Lamu: ukitaka kula vizuri, tazama saa kwanza

Watu wanaopanga safari ya Lamu huniuliza swali moja kuliko mengine yote: tutakula wapi? Wengi hutarajia niwatajie mikahawa mitatu ya ufuoni na mambo yaishe. Mimi huwauliza kwanza: utakuwa na njaa saa ngapi?

Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni mdogo. Ukishuka gatini uko kwenye barabara ya pwani. Nyuma yake kuna Usita wa Mui, yaani njia kuu ya mji kwa Kiamu, inayotoka Langoni upande wa kusini hadi Mkomani upande wa kaskazini. Hakuna matatu. Unatembea kwa miguu na kuwapisha punda, kwa hivyo hakuna mahali pa kula palipo mbali. Mgeni hukosa chakula kizuri kwa sababu ya saa. Chakula kingi cha Lamu hakipikwi mkahawani. Hupikwa majumbani, huuzwa mlangoni kwa muda mfupi, kisha sufuria huoshwa na mlango hufungwa.

Tuanze asubuhi. Baada ya sala ya alfajiri hadi kama saa tatu ni wakati wa mahamri na mbaazi za nazi, vitumbua na chai ya tangawizi. Vichochoro vya Langoni ndivyo vya kuanzia. Ukibahatika kupata mikate ya mofa, usiipite. Ni mikate minene ya unga wa mtama inayookwa kwenye tanuri ya udongo, na huliwa na samaki au mchuzi ingali moto. Anayeamka saa nne akitarajia mbaazi atakuta wenzake wameshamaliza.

Mchana, hoteli ndogo za mjini, zile zenye meza chache na feni moja, hupika wali wa nazi, mchuzi wa samaki, maharagwe na chapati. Huko ndiko wanakokula manahodha, makuli na maafisa wa afisi za serikali, na foleni yao ndiyo ithibati ya mpishi. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, ni zamu ya pilau na biriani. Ukichelewa utaambiwa limebaki ukoko.

Alasiri ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wanayoikosa wageni wengi, kwa kuwa wamelala au wako Shela wakiogelea. Baada ya sala ya alasiri, kina mama huteleka karai mlangoni. Hutoka bhajia, viazi karai, sambusa, katlesi na kachiri, pamoja na chatini ya nazi au ukwaju. Hakuna kibao wala menyu. Dalili ni watoto waliotumwa na mabakuli kutoka nyumba za jirani. Ukiwaona wamesimama mlangoni, simama nyuma yao, toa salamu, uliza bei. Nimewaona wageni wakipita mlango kama huo wakiwa na njaa, wanatafuta mkahawa kwenye simu.

Usiku uwanja wa Mkunguni, mbele ya ngome iliyokamilika mwaka 1821, hunukia moshi wa mishkaki. Nyama huchomwa mbele yako na huliwa na mkate, pilipili na ukwaju. Muuza kahawa chungu naye hayuko mbali, na dele lake na vikombe vidogo. Kahawa hiyo huliwa na tende au halua, na barazani hapo utasikia habari za mji ambazo hutazipata kwingine.

Sisemi uiache mikahawa ya barabara ya pwani. Ukitaka samaki mzima wa kuchoma, kamba au kaa, na bilauri kubwa ya maji ya embe au ukwaju huku majahazi yakipita, kaa hapo. Ila samaki wa kupaka mwagize asubuhi. Samaki huchomwa polepole huku akipakwa tui lililoungwa, na anayekuletea baada ya dakika kumi amekupashia moto wa jana.

Ujue pia msimu. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili, bahari huchafuka, vyombo vidogo havitoki ovyo, na samaki hupungua na kupanda bei. Baadhi ya hoteli za Shela hufunga Mei na Juni. Wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi, bahari hutulia na samaki huwa wengi. Na uhaba hauletwi na upepo peke yake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu. Ukiona bei ya changu imepanda, usimgombe mpishi.

Kwa nini naipigia debe milango ya watu? Kwa sababu ya pesa zinakokwenda. Mgeni anayelipia milo yote mitatu alikolala huacha pesa zake mahali pamoja. Anayenunua mbaazi Langoni, bhajia alasiri na mishkaki Mkunguni amewagawia watu watatu wasio na hoteli. Na watu hao ndio huumia kwanza mambo yakiharibika. Kafyu ya 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, na ile ya korona iliyoanza Machi 2020 na kuondolewa Oktoba 2021, ziliziba saa zenyewe za biashara yao. Mkahawa mkubwa ukifungwa usiku huuza mchana. Muuza mishkaki hana mchana.

Mambo machache ya kuzingatia. Mwezi wa Ramadhani usitarajie chakula cha mchana mjini, lakini ngoja jioni: mji wote huwa jikoni, na futari inayouzwa mlangoni hutaipata miezi mingine. Pombe usiitafute kwenye mikahawa ya mji wa kale. Vaa kwa heshima unaposimama mlangoni mwa mtu. Beba pesa ndogo ndogo, au mlipe mpishi mwenyewe kwa M-Pesa.

Na kijana akikualika barabarani ukale kwao kwa malipo, si vibaya, wengine hupika vizuri sana. Lakini patana bei mbele ya mpishi na ulipe baada ya kula. Usitoe pesa za kununulia samaki kwa mtu usiyemjua. Ukiwa umekodi nyumba yenye mpishi, mfuate asubuhi hadi sokoni kando ya ngome, mchague samaki pamoja. Huo nao ni mlo wa nje kwa namna yake, kwa kuwa utakuwa umemjua mvuvi na mwenye nazi.

Ukiwa na siku moja tu Lamu, basi fanya hivi: mbaazi kabla ya saa mbili, agiza samaki wako wa kupaka ukitoka hapo umle mchana, alasiri rudi vichochoroni ufuate watoto wenye mabakuli, usiku malizia Mkunguni. Kahawa iwe ya mwisho.