Acheni Kumhesabia Mansa Musa Mabilioni

Wanafunzi, watangazaji, hata madereva wa bodaboda huniuliza lile lile: Mansa Musa wa Mali alikuwa na dola bilioni ngapi? Hakuna ajuaye, wala atakayejua. Ile bilioni 400 inayozunguka kwenye simu zenu ilitolewa mwaka 2012 na tovuti ya Marekani inayokadiria mali za watu maarufu. Daftari la hazina ya Mali halipo, rekodi za migodi hazipo. Kuugeuza ufalme wa karne ya 14 kuwa dola za leo ni kupima homa kwa rula.

"Lakini si aliangusha uchumi wa Misri?" Hapo subira huniishia. Msomeni mwanahistoria al-Umari, aliyeandika yapata miaka 12 baada ya Musa kupita Cairo mwaka 1324 akienda kuhiji. Anasema mithkali (kipimo cha uzani) ya dhahabu, ambayo kabla ya hapo haikushuka chini ya dirhamu 25 za fedha, iliteremka hadi 22 au pungufu. Pigeni hesabu: asilimia 12 hivi. Wenye dhahabu waliumia, sawa, lakini bei ya dhahabu kuyumba na nchi kufilisika ni mambo mawili. Al-Umari huyohuyo anaeleza kwamba Musa aliishiwa, akakopa kwa wafanyabiashara wa Cairo kwa faida ya kukamua. Tajiri kuliko binadamu wote, anakopa nauli ya kurudi! Hata dhahabu aliyoondoka nayo ina hesabu mbili: al-Umari alipokea habari ya mizigo 100, mwanahistoria Ibn Khaldun ya mizigo 80.

Linaloudhi zaidi ni dhana kwamba migodi yote ilikuwa mfukoni mwake. Kwa mujibu wa al-Umari, kila mji wa dhahabu ulipotekwa na Uislamu ukaenea humo, dhahabu ilipungua. Watawala wakaona heri wawaache wachimbaji na dini yao, wao wapokee kodi. Mfalme Mwislamu, mwenye jeshi, anawabembeleza wachimbaji wasiosali ili dhahabu iendelee kuja: hiyo ndiyo siasa ya Mali, nanyi mnaipita mkikimbilia sifuri za bilioni.

Kisha kuna chumvi. Msafiri Ibn Battuta, yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikwenda Mali mwaka 1352. Anasema mzigo wa ngamia wa chumvi ya migodi ya Taghaza, jangwani, uliuzwa mithkali 8 hadi 10 katika mji wa Walata, njiani, na 20 hadi 30, pengine 40, ulipofika mji mkuu. Utajiri ulikuwa njiani.

Sasa, kwa haraka. Mtangazaji: sema "tajiri mno wa zama zake", inatosha. Mwalimu: wape wanafunzi bei hizo za chumvi, waulize nani alinufaika na tofauti. Mwenye kutafuta fahari: Ibn Battuta anasifu usalama wa nchi ile, msafiri asiogope mnyang'anyi. Msomaji: anza na Ibn Battuta, sehemu yake kuhusu Mali ni fupi. Utakuta zawadi ya makaribisho aliyopewa na Mansa Sulayman, nduguye Musa: mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa mgando.