Nusukaputi na Fahamu: Kinachozimika na Kinachobaki

Fahamu ya binadamu, yaani hali ya kuhisi, kuwaza na kujijua kuwa yupo, huzungumzwa kwa kawaida kama kitu kimoja ambacho mtu ama anacho ama hana. Hata hivyo, kazi ya kuwalaza wagonjwa kwa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi, kabla ya upasuaji, inayofanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza na katika hospitali za wilaya za mwambao wa Ziwa Victoria, inaonyesha kwamba fahamu ni mkusanyiko wa uwezo kadhaa, na kwamba dawa huweza kuondoa mmoja na kuuacha mwingine.

Uwezo wa kwanza ni kuwa macho, ambao hutegemea shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo. Wa pili ni kupokea habari za nje kupitia milango ya fahamu. Wa tatu ni kuwa na mambo yanayopita akilini, hata yasipotoka nje, kama ilivyo katika ndoto. Na wa nne ni kumbukumbu, inayomwezesha mtu kusimulia baadaye yaliyompata. Mgonjwa asiyejibu anapoitwa amethibitisha jambo moja tu, kwamba hajibu. Hajathibitisha kwamba aina zote nne za uwezo zimeondoka.

Katika hospitali yenye mashine ya nusukaputi, mgonjwa huweza kulazwa kwa sindano ya propofoli, kisha usingizi wake ukaendelezwa kwa mvuke wa dawa kama isoflureni. Propofoli huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya asili inayotuliza seli za neva, na dozi inapotosha, mawasiliano kati ya sehemu za mbele na za nyuma za ubongo huvurugika, zikawa kama visiwa vya ziwani ambavyo watu wake wapo lakini hakuna tena mtumbwi unaokwenda baina yao. Hali hii si usingizi wa usiku, kwa kuwa aliyelala usiku huamka akitikiswa, ilhali aliyepewa nusukaputi haamshwi hata na kisu cha mpasuaji.

Ketamini hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Dawa hii, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na kujaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964, huziba vipokezi viitwavyo NMDA, ambavyo seli za ubongo huvitumia kupokea ujumbe wa kuzisisimua. Kwa kuwa kwa kawaida haikatizi pumzi wala haishushi shinikizo la damu, na kwa kuwa huhitaji sindano tu badala ya mashine, imekuwa tegemeo la vituo vilivyo mbali na hospitali kubwa. Mgonjwa aliyechomwa ketamini huweza kubaki amefumbua macho, mboni zikichezacheza, huku hahisi maumivu wala hajibu neno.

Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ubongo wa watu waliolazwa kwa dawa tofauti ulisisimuliwa kwa sumaku kutoka nje ya fuvu, kisha mwangwi wa umeme uliofuata ukapimwa. Waliopewa propofoli walitoa mwangwi mfupi na sahili, na walipozinduka hawakuwa na la kusimulia. Waliopewa ketamini walitoa mwangwi tata unaofanana na wa mtu aliye macho, na walisimulia ndoto nzito. Kwa nje makundi yote mawili yalikuwa kimya sawasawa, lakini kundi la pili lilikuwa limetengwa na ulimwengu bila kupoteza fahamu.

Kinyume chake pia hutokea, ingawa kwa nadra: mgonjwa hubaki akihisi yanayomzunguka, pale dawa za kulegeza misuli zinapomzuia mgonjwa kutikisika ilhali dozi ya usingizi haitoshi. Uchunguzi wa Uingereza na Ireland uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba kumbukumbu ya tukio kama hilo huripotiwa mara 1 katika kila nusukaputi 19,000, lakini mara 1 katika 670 kwa wanaojifungua kwa upasuaji, na hii ni sababu mojawapo ya sindano ya ganzi ya mgongoni kupendelewa kwa akina mama hao.

Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hatoshelezwi na ukimya wa mgonjwa, bali hufuatilia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, pumzi na machozi, na hutoa dawa akijua ni uwezo upi unaozimwa. Mgonjwa atakayepewa ketamini anastahili kuambiwa mapema kwamba huenda akaota mambo ya ajabu. Ndugu wanaomsikia akiweweseka baada ya upasuaji wanapaswa kujua kwamba hiyo ni athari ya dawa, si ishara ya mapepo wala ya wazimu. Na anayedai kuwa alisikia mazungumzo ya wapasuaji asikilizwe na maelezo yake yaandikwe, kwa sababu hakuna kipimo hata kimoja kinachoweza kukanusha ushahidi wake kwa hakika.